UZI: Mali ya akili (breve, marke, haki za batunzi), akili bandia na betri. Jibu kwa bale banataka kubakia ku inivasite

Mwana_Kasapa (Lubumbashi)

Bandugu, mi ni CT (chef de travaux, mwalimu wa inivasite mwenye hajakuwa profesa) wa sheria, nafungua huu uzi juu kila mara napataka ujumbe ya namna moya ku inboksi: "CT, nimemaliza sheria, nataka kuandika juu ya akili bandia na haki ya mutunzi, niko na nafasi ya kubakia ku fakilte?" Nitajibia bote hapa, mwenye hakubali aseme, hatuko ku misa.

Tuanze na ngazi yenyewe, juu bengi banawaza profesa ni kazi ya kupeleka sivii sawa ku mine. Kwetu unaingilia asistanti, mandati ya kwanza, mandati ya pili, kisha CT, na mule katikati uko unatafuta ile DEA (diploma ya kisha lisansi, sasa na mupango mupya wa LMD banasema masta), kisha tezi ya udaktari, ukiitetea unakuwa profesa asosie, profesa, mwisho ordineri. Ku karatasi ni ngazi. Ku maisha ni kukosoa makopi ya auditware nzima kwa jina ya prof mwingine, kusimamia interogasyo, kungojea mekanizasyo mpaka jina yako itokee ku listi ya malipo ya serikali, na wakati ule ule bale mulimaliza nabo beko Kolwezi banaendesha jipu ya kampuni. Mwenye kutaka franga ya mbio asikuje huku. Sisemi kwa ubaya.

Sasa juu ya nini mali ya akili na hizi teknolojia za mupya? Juu ni kiwanja yenye bachezaji kidogo na kazi mingi. Angalieni sheria zetu. Ile ya mali ya kiwanda, ya breve (hati ya uvumbuzi, hataza) na marke (alama ya biashara), ni namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Ile ya haki za batunzi ni ordonansi-sheria 86-033 ya 5 Aprili 1986. Mu 1986 wizi wa muziki ilikuwa ni kukopia kaseti! Alafu tarehe 13 Machi 2023 ikatoka Kodi ya numeriki (Code du numérique, kitabu ya sheria ya mambo ya dijitali, hapana kodi ya kulipa), ordonansi-sheria 23/010, yenye kuzungumuza data za muntu, sahihi ya elektroniki, makosa ya ku intaneti na mengine. Kati ya kaseti na numeriki kuko shimo kubwa, na mwenye anatafuta sujé ya tezi anapashwa kukaa mule mu shimo, hapana kuzunguka pembeni.

Kitu ingine, mukifika ku mutihani ya mudomo musiseme OHADA (mapatano ya sheria ya biashara ya inchi kadhaa za Afrika). Kila mwaka mwanafunzi namuuliza breve ya Kongo inaongozwa na nini, anajibu OHADA, na furaha yote. OHADA tuliingia mu 2012 kweli, lakini haina akti uniforme (sheria moya ya inchi zake zote) ya mali ya akili. Unaweza kuweka breve ao marke sawa dhamana ya mukopo kwa akti ya masirete, basi, ni pale inaishia. Na OAPI ya Yaoundé, shirika ya mali ya akili ya inchi za kifaransa, hatumo. ARIPO ya Harare, ile ya inchi za kiingereza, hatumo. Tuko peke yetu na sheria yetu ya 82, dosie inapelekwa ku wizara ya indistri kule Kinshasa.

Maitre_Kampemba

CT nakuheshimia lakini unadanganya batoto. Mi niko ku baro (chama cha ma-avoka) miaka mingi, dosie zenye zinakuyaka ku kabine ni parseli (bugomvi ya viwanja), divorsi, kontra ya mine, na bandugu banagombania urizi. Breve? Sijaona hata moya. Muntu ataandika tezi miaka saba juu ya akili bandia kisha atakula nini, matini ya tezi? Afazali sheria ya mine, huku ni Katanga.

Mwana_Kasapa

Maître wangu, hauoni dosie ya breve juu inakuyaka imevaa nguo ya ingine. Ile kontra ya mine unasoma, umefika ku kipande ya nyuma, pale banaandika "matokeo ya utafiti na maboresho yote"? Pale njo breve iko inalala.

Labo_Poly

Acha niingilie hapa juu hii inanigusa. Niko ku politeknike, kazi yangu ni kemia ya metali. Partneri mumoya wa inje, jina naacha, alitufikia na mashini ya kupima, muzuri sana, tukashangilia. Kisha akatoa kontra. Kurasa za mbele ni mapenzi tupu, urafiki wa inchi mbili, kufundisha vijana. Ku kipande cha kumi na ngapi sijui, maandishi kidogo-kidogo: matokeo yote, yenye yanaweza kupata breve ao hapana, ni ya partneri, na labo yetu itatajwa mu makala "pale inafaa". Na sheria ya kukata mambo ni ya kwake, na tribinali ni ya kwake. Mukubwa wetu mumoya akasainia juu ya kapo (kifuniko ya injini) ya gari, juu mugeni alikuwa anakimbilia ndege ku Luano, kiwanja ya ndege ya Lubumbashi. Mi nilikuwa nasimama pale na kalamu ingine mu mukono. Hakuna hata muntu moya wa sheria aliitwa, juu kila muntu alisema bo ni ba parseli.

Maitre_Kampemba

Hapo umenipiga, wee. Endelea CT.

Mwana_Kasapa

Labo_Poly asante, sasa mutanisikia muzuri.

Bote munajua Kongo njo inatoa kobalti mingi kupita inchi zote. Lakini nani anajua kobalti iliingia namna gani mu betri ya telefone? Mu 1980, ku Oxford, John Goodenough na kundi yake bakaonyesha kama oksidi ya litiamu na kobalti inaweza kuwa upande wa chanya wa betri yenye nguvu. Oxford ilikataa kulipia breve. Ile breve ikachukuliwa na labo ya serikali ya nishati ya atomiki kule Harwell, na Goodenough alisainia kuachilia haki zake. Akira Yoshino kule Japani akatengeneza betri yenyewe na hiyo kobalti mu miaka ya 80, Sony ikaanza kuiuza mu 1991. Goodenough akapata Nobel mu 2019, pamoja na Yoshino na Whittingham, yeye akiwa na miaka 97. Ule muzee hakukula mirabaha ya kobalti, na alikuwa ku Oxford! Sasa fikiri mutafiti wa Kasapa, kampusi yetu, mwenye anasainia ku kapo ya gari.

Na leo hii mambo iko kwetu mulangoni. Mu Aprili 2022 centre ya Afrika ya utafiti wa betri ilianzishwa hapa ku UNILU (Inivasite ya Lubumbashi), na mwezi ule ule Kongo na Zambia bakasainia mapatano ya kutengeneza betri pamoja. Muzuri. Lakini angalia vile mupaka unakatika: ukivuka mupaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia uko mu inchi ya ARIPO, huku nyuma hauko popote. Mutafiti wa Lubumbashi na mutafiti wa Kitwe bakipata kitu pamoja, banapeleka dosie wapi kwanza? Nani atahesabiwa muvumbuzi? Kila moya anaweza kuruhusu kampuni ya tatu bila kuuliza mwenzake? Mi sijaona tezi yenye kushika ile swali kwa mikono mbili. Iko inalala pale barabarani, na batoto banaendelea kuniletea "haki ya mutunzi mu zama za dijitali" yenye bamekopia ku Ufaransa mpaka majina ya mahakama.

Labo_Poly

Swali. Siye ku siansi ili upande cheo banahesabu makala. Kwa hiyo ukipata kitu unakimbia kuchapisha. Iko shida?

Mwana_Kasapa

Iko shida kubwa na batu ba fakilte zenu banalia kila siku bila kujua banalia nini. Breve inataka kitu ya mupya, na mupya maana yake dunia yote haijaiona. Ukichapisha makala, ao ukiweka tu postère ku kongresi, ku inchi mingi umeuua upya wako mwenyewe, na mushindani atasoma bure. Njia ni kuweka dosie kwanza, hata ku Kinshasa tu, kisha unachapisha. Kwa mapatano ya Paris ya 1883, na inchi yetu iko ndani, unakuwa na miezi 12 ya kupeleka ile ile ku inchi zingine za mapatano na banakuhesabia tarehe ya kwanza. Makala yako inachelewa kidogo tu. Ile ni kazi ya muntu wa sheria kukaa ndani ya labo, na inivasite zetu zingepashwa kuwa na biro yake, lakini tuendelee.

Alafu upande wa pili, wenye unafurahisha zaidi. Breve ni ya inchi kwa inchi. Kampuni ikiwa na breve Uchina, Marekani na Ulaya lakini haikuiweka Kinshasa, ile uvumbuzi huku unaweza kuutumia bila kuomba ruhusa. Unatengeneza, unauza Likasi, unauza Kamina. Shida inaanza ukipeleka kitu kule breve iko nayo uzima. Banafunzi nikibaambia hii banafikiri nabafundisha wizi. Hapana, ni sheria yenyewe, na breve iliandikwa mbele ya bote ili watu basome. Ingia Patentscope, ukurasa wa kutafuta breve wa OMPI (WIPO, shirika ya dunia ya mali ya akili), na telefone yako, bure kabisa, kuko kifaransa, andika "cathode" na "cobalt" uone mafuriko. Fungua moya, ruka ukurasa wa kwanza, nenda ku zile madai mwishoni, dai namba moya, na madai zingine zenye zinasimama peke yake, njo zinasema mupaka wa shamba. Zenye zinabakia zinaongeza maelezo ku zile. Kisha angalia ile familia ya breve (uvumbuzi moya, dosie zake ku inchi mbalimbali), ni inchi gani ziko. Mwanafunzi wa sheria mwenye anajua kusoma ile kitu na kuielezea ku Labo_Poly kwa kiswahili, ule hatakosa kula, Maître.

BintiRuashi

Shikamoo CT na bakubwa bote. Mi niko masta ya kwanza, sheria. Na ile akili bandia ikivumbua kitu yenyewe, breve ni ya nani? Prof moya alituambia Afrika Kusini imekubali roboti kuwa muvumbuzi, ni kweli?

Mwana_Kasapa

Marahaba dada. Ni kweli nusu, na nusu yenye inabakia njo ya kufundisha.

Kuko Mumarekani anaitwa Stephen Thaler, ana mashini ya akili bandia anaita DABUS. Alipeleka dosie ku inchi mingi akiandika muvumbuzi ni DABUS, hapana muntu. Afrika Kusini ikamupa breve mu Julai 2021. Lakini biro yao kule haichunguzi ndani ya uvumbuzi sawa Ulaya, inaangalia makaratasi kama yako sawa, inapiga muhuri. Kwa hiyo hakuna jaji wala muchunguzi aliyekaa kusema "roboti inaweza". Kwingine balikaa: Australia jaji wa kwanza alikubali mu 2021, mwaka wenye kufwata majaji ba rufani bakapindua. Marekani mahakama ya rufani ikakataa mu 2022. Uingereza mahakama kubwa ikakataa Desemba 2023, muvumbuzi ni muntu. Ku upande wa haki ya mutunzi yule yule Thaler alileta picha, akashindwa tena, Washington, Machi 2025. Uchina njo ilienda njia yake, mahakama ya intaneti ya Beijing mu Novemba 2023 ilikubali haki juu ya picha yenye ilitoka ku akili bandia, lakini kwa muntu mwenye alipanga maneno na kuchagua, hapana kwa mashini.

Sasa dada, ukiniandikia hii yote mu memwari nitakupa kumi ku ishirini tu, juu ni habari. Kumi zingine ziko ku swali hii: Kinshasa nayo ikipata dosie sawa ile, ile biro yenye kupokea kwa sheria ya 1982 ingefanya nini? Soma maneno ya sheria. Ule mwenye aliandika mu 82 alikuwa anawaza muntu gani?

Mdau_Dar

Wakuu nawasoma kutoka Dar, uzi mtamu sana huu. Naongeza mawili. Kwanza, wanaotaka kusoma zaidi: kuna masta ya miliki ubunifu pale Africa University, Mutare, Zimbabwe, inayoendeshwa pamoja na ARIPO na WIPO, inafundishwa kwa Kiingereza. Kwa nyinyi wa Kifaransa nadhani Yaoundé kwa OAPI itawafaa. Na kabla ya hapo fanyeni kozi ya bure ya WIPO ya mtandaoni, ile DL-101, Kifaransa ipo. Cheti chake peke yake hakikupi kazi lakini kamati ya ufadhili ikiona umemaliza inajua huna utani.

Pili, mbona hamjagusa data? Hizi programu zinalishwa vitabu, picha, sauti za watu. Ulaya wameshaweka kwenye direktivu yao ya 2019, namba 2019/790, kwamba kuchimba maandishi na data kunaruhusiwa, ila mwenye kazi anaweza kujitoa kama siyo utafiti wa kisayansi. Japani wamefungua zaidi tangu mabadiliko ya 2018. Sisi huku kimya.

Nyumba_Kadutu (Bukavu)

Hiyo ya sauti munigusie tafazali. Huku kwetu vijana walipitishiwa ka programu, unasoma sentensi za kiswahili ku telefone, unalipwa megabaiti na vifranga kidogo. Mama yangu mudogo alisoma mpaka hadisi za sungura zenye nyanya yake alimufundisha. Leo ile sauti iko wapi? Anaweza kuidai?

Mwana_Kasapa

Mdau asante, Strasbourg kwa CEIPI (shule ya mali ya akili ya inivasite ya kule) pia iko muzuri, na Ubelgiji Leuven na Namur beko na bacentre ba sheria na teknolojia ba zamani sana. Lakini bandugu zangu, jifunzeni kiingereza. Mi naisoma na kamusi mpaka leo, nusu ya hii mambo inaandikwa kule.

Ndugu wa Bukavu, swali yako ni tamu kupita ya DABUS. Tuigawe. Sentensi zenye mama alisoma, zenye programu ilimupa, haziko zake. Sauti peke yake haiko "kazi ya akili" mu maana ya 1986. Lakini sauti inamutambulisha, kwa hiyo ni data ya muntu, na kule tunaingilia ku Kodi ya 2023: alikubali nini, alielezwa nini, anaweza kuomba bafute? Ya tatu ni hadisi. Alisimulia kwa namna yake, na mupangilio wake, na kuimba katikati labda, pale tunaanza kumukaribia mwenye kuigiza, haki za jirani (zile za waimbaji na waigizaji, pembeni ya haki ya mutunzi). Ya ine ni hadisi yenyewe ya ukoo, yenye haina mutunzi wa jina. Muntu moya, dakika kumi ya kurekodi, milango ine ya sheria, na ku ile "nakubali" yenye alibonyeza labda yote imefungwa. Tafuta ile maandishi ya masharti, mara mingi iko kiingereza. Muntu alisainia kiingereza juu ya sungura ya kiswahili.

Nyinyi bote ku Bukavu na Goma, hii andikeni nyinyi. Mi niko mbali na sitaki kukata nyama ya muntu mwingine.

Mutoto_Katuba

CT na silabi yako ya haki ya mutunzi iko pdf? Juu ku fotokopi ya mbele ya campus bananiuzisha mukurasa kwa mukurasa na iko na madoa

Mwana_Kasapa

😂😂 Batu bananiiba haki ya mutunzi ndani ya kozi ya haki ya mutunzi. Ule wa fotokopi namujuaka, ananisalimia na heshima yote, "bonjour CT", na mashini nyuma yake inatoa sura ya tatu. Prof mumoya alitaka kumushitaki, nikamuuliza: mwanafunzi mwenye baba yake hajalipwa atasoma na nini? Ile nayo ni sujé, wapi sheria ya 86 inaachia mwanya kwa masomo na wapi hapana. Pdf sitatuma, ile silabi njo inalipaka transpor yangu, lakini bibliyoteke iko na kopi mbili, uende mapema.

Maitre_Kampemba

Sawa nimekubali nusu. Lakini sema ukweli kwa batoto: nani atabasimamia? Baprofesa ba hii mambo beko ngapi?

Mwana_Kasapa

Kidogo. Hapa hautapata ordineri wa akili bandia akingojea ku biro. Unatafuta prof wa sheria ya biashara ao sheria ya kazi mwenye moyo wa kusoma kitu ya mupya, alafu unaomba msimamizi wa pili wa inje kwa imeili. Imeili fupi! Batu banatuma sivii kurasa sita na "kwa heshima kubwa sana" mara tano. Andika swali yako mistari ine, onyesha umesoma makala yake moya, na useme ni kitu gani ya Lubumbashi yeye hawezi kuona bila wewe. Prof wa Leuven iko na vitabu vyote, haina kontra ya Labo_Poly.

BintiRuashi

CT mi nilikuwa nimeandika titre: "Akili bandia na mali ya akili mu sheria ya Kongo: shida na matazamio".

Mwana_Kasapa

Dada, hiyo ni koti ya kila muntu. "Shida na matazamio" ondoa leo hii. Akili bandia nayo tuiweke pembeni kwanza. Andika: "Mwenye matokeo: vipande vya mali ya akili mu kontra za utafiti wa betri kati ya labo za Lubumbashi na bapartneri ba inje". Unasoma kontra ngapi utapata, majina yamefutwa, unapanga: nani anachukua breve, nani anachagua sheria, nani anaruhusiwa kuchapisha na kisha muda gani, data za mashini za kupima zinaenda ku seva ya nani. Ku ile swali ya seva njo akili bandia itaingia yenyewe, juu ile data banailishia programu zabo za kutafuta materyo ya mupya, na kontra ya zamani haikusema neno.

Labo_Poly

Kontra niko nazo tatu, na ya kapo ya gari ndani. Nitafuta majina na bei. Upite siku ya ine kisha saa nane, asubui niko na TP (masomo ya mazoezi ku labo), na ukuje na Maître kama hana parseli.

Maitre_Kampemba

Niko nayo moya, ya saa ine. Nitafika.